Nafasi Iliyobaki Kwenye CD

Ugonile, mjukuu wangu Tusajigwe. Hapa Ibighi bibi yako amepona kikohozi.

Unaniuliza programu gani uziache, maana flashi yako ya kuwashia kompyuta za shule imejaa.

Kompyuta kuukuu zilipoanza kuingia nchini, mimi na mwalimu mwenzangu Hamisi tulitengeneza CD ya kazi hiyohiyo. Ilibaki nafasi ya kitu kimoja: michezo ya wanafunzi, au programu ya kumsomea kwa sauti mwalimu Ambakisye, aliyekuwa amepofuka.

“Yeye ni mmoja tu,” alisema Hamisi.

“Basi nenda ukamwambie.”

Hakwenda. Tukaiacha michezo, tukaweka programu ya sauti.

Ambakisye aliandika jina lake, mashine ikalitamka kizungu, akacheka sana. Kisha akatuomba tutoke nje. Tangu apofuke, hakuwa amewahi kuandika neno ambalo mtu mwingine hakulisoma kabla yake.

Babu yako