Taa ya Babu Inakonyeza

Nyuma ya kiwanda cha tambi,
Sa Dec, Vietnam.
9 Machi

Mpendwa Baba Mdogo Khai,

Shikamoo. Hujambo huko Osaka? Kile kifua kimepona, na baridi imepungua? Sisi hatujambo. Mama anakohoa kidogo kwa ajili ya vumbi la unga kiwandani. Bibi ana nguvu na bado anagombana na bata wa jirani.

Haya nimeshindwa kuyasema kwenye simu kwa sababu Bibi huwa ameketi kando yangu.

Ile taa nyekundu uliyoifunga kwenye madhabahu ya kumkumbuka marehemu Babu siku ulipoondoka, Bibi hajakubali izimwe tangu siku hiyo. Sasa inakonyeza. Feni ikiwashwa, taa inafifia. Nyuma yake kuna mlio kama mafuta kwenye kikaango, na harufu ya plastiki inayoungua, ambayo ubani unaificha.

Bibi anafurahi. "Babu yako huyo. Alikuwa akinikonyeza hivyohivyo akitaka chai." Na chai anamwekea.

Juzi alipokwenda sokoni, nilizima swichi kuu, nikapima kwa testa, kisha nikatazama nyuma ya madhabahu. Nyaya zimesokotwa na kufungwa utepe tu, na utepe umeyeyuka. Ubao umekuwa mweusi kama kitako cha sufuria. Sikulaumu, Baba Mdogo. Ulifunga taa peke yake. Feni iliungwa hapohapo baadaye, na kitabu chetu cha fizikia kinasema kiungo kilicholegea hupata joto kadiri umeme unavyozidi kupita.

Bibi akarudi kabla sijamaliza.

"Nani kamzimia babu yako taa?"

"Bibi, waya unaungua."

"Wewe na vitabu vyako. Akiwa gizani atamwonaje Khai huko ugenini? Washa."

Nikawasha.

Jana nilimwita Kaka Luong, fundi umeme wa ng'ambo ya barabara. Bibi hakumruhusu hata kufungua mkoba. "Imefungwa na mwanangu, ataifungua mwanangu. Kunywa chai, Luong, uende zako." Mlangoni akaniambia kwa sauti ya chini, "Mdogo wangu, hiyo feni msiiwashe. Na bibi asilale pale." Lakini kitanda cha Bibi kiko palepale, na kwa joto hili feni huiwasha mwenyewe.

Mwisho wa mwezi ni kumbukumbu ya Babu. Ndugu watajaa, na feni za kuazima na jiko la wali vyote vitachomekwa kwenye ukuta ule. Karatasi za sadaka za kumchomea Babu siku hiyo tayari Bibi amezipanga chini ya madhabahu, zinakaribia ule ubao.

Nakuomba umpigie. Mwambie wewe mwenyewe umeruhusu izimwe mchana mmoja, Kaka Luong aunge nyaya upya kwa konekta, vile vibanio vya skrubu, ndani ya kisanduku, na feni ipewe waya wake. Nitamwekea Babu taa ya betri ili asikae gizani. Bibi atakusikia wewe tu.

Mama anakusalimu, na binamu Nhan anauliza kuhusu theluji. Babu akulinde popote ulipo.

Ni mimi mwanao nikupendaye,
Thuc

Tena: simu yetu isipopokelewa, usingoje. Mpigie Kaka Luong. Dirisha lake linatazama letu.