Ketsia anamufundisha bwana yangu kusoma paragrafu

Mama Pétronille mpendwa, weye wa redio, nisaidie mbele ya siku ya Mungu, juu siku ya Mungu niko na kitu nataka kufanya na roho inaniambia fanya tu. Mimi ni Lucienne wa Saio, mama wa watoto watatu. Mimi na bwana yangu Julien tulijiandikisha kwa testi ya Kingereza, tupate kazi ya ukalimani, na tulianza masomo pamoja kule Mudzipela, siye wawili pikipiki moja, benchi moja, na ile testi inarudilia kuuliza kitu moja: hii paragrafu imepangwa namna gani, inafuata wakati, ao inaonyesha sababu na matokeo, ao inalinganisha vitu viwili, ao inaleta shida kisha dawa yake. Mimi nasoma vile walitufundisha ku masomo ya secondaire, neno kwa neno, juu ya kila neno ya Kingereza naandika ya Kifaransa na krayo, karatasi inakuwa nyeusi tii, na nikimaliza sijui paragrafu ilikuwa inaenda wapi.

Sasa kukaingia Ketsia. Huyu alikulia kambi ya wakimbizi kule Uganda, yeye anasoma sentensi ya kwanza, anatafuta maneno kama «lakini» ao «kwa hiyo», na mbio anasema hii ni kulinganisha, hata kama kuna maneno hajui. Mwalimu anamupigia makofi. Julien akahama benchi yangu akaenda kukaa karibu naye, eti anaelewa muzuri zaidi kule. Kweli Ketsia ni muzuri, sikatai, kitenge inamukaa vile kila mutu anageuka, na mimi nafika pale mikono inanuka sabuni.

Juzi nilimuuliza Julien juu ya nini siku hizi anachelewa kurudi. Unajua alinijibu nini, mama? «Lucienne, maneno yako haina sentensi ya kwanza. Wazo kubwa iko wapi?» Sahani ilinitoka mukononi, watoto wakacheka, na yeye akaongeza: «Ketsia anasema mutu akichanganya wakati na sababu, mwenye kusoma anapotea.» Ketsia anasema. Mu nyumba yangu, mbele ya sombe nimepika mimi.

Ketsia anaimba na siye mu korale. Siku ya Mungu nyuma ya misa nataka kusimama mbele ya mama wote niseme wazi kwamba anavunja nyumba za watu. Sijawakamata na kitu. Lakini yeye ni kijana, mimi nimeisha kuzaa tatu. Yeye anaelewa, mimi napapasa. Yeye wanamusifu, mimi mwalimu ananiambia «pole pole, mama». Testi ni siku ya tatu ya juma ijayo. Niiache? Nimukataze Julien kwenda? Ao niseme? Wivu inanikula, mama, hata usingizi sipati.

Lucienne, Saio

Lucienne,

Kwanza, siku ya Mungu ufunge mudomo. Umeandika weye mwenyewe «sijawakamata na kitu», na bado unataka kumuvua mutoto wa watu nguo mbele ya korale nzima? Neno ikishatoka hairudi. Yeye atabaki na jina mubaya mu parokia, na weye utabaki na ya muongo.

Pole, mama. Wivu inauma, sikuchekei, na Julien naye amekosa akili. Bwana hamujibu bibi yake na midomo ya mwanamuke mwingine, hata kama ni maneno ya shule. Mukibaki wawili umuambie polepole: «Ukiongea na mimi, usiniletee Ketsia.» Na aombe pole mbele ya wale watoto waliocheka.

Sasa nitakuambia kitu utachukia. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliisoma kama unavyosoma Kingereza, neno kwa neno, na niliona mwanamuke aliyeibiwa bwana. Mara ya pili niliangalia imepangwa namna gani. Weye unazani umeniandikia sababu na matokeo: Ketsia amekuja, nyumba imevunjika. Ile matokeo nimeitafuta, siioni. Julien anarudi kwako, anakula kwako, anakutia hasira kwako. Kitu nimeona ni «yeye hivi, mimi hivi», mpaka chini. Hiyo ni kulinganisha, Lucienne. Bwana unaye. Kinachokuuma ni ile kitu Ketsia anajua na weye hujui, na Julien hawezi kukupa hiyo hata akirudi benchi yako leo.

Basi kesho enda Mudzipela mapema, kaa katikati yao, ni haki yako. Krayo iache mu sakoshi. Umuambie Ketsia: «Mudogo wangu, nionyeshe na mimi.» Akiwa na roho mubaya utaijua palepale, mukiwa bega kwa bega. Akiwa na roho muzuri, umepata mwalimu. Soma sentensi ya kwanza na ya mwisho, tafuta maneno inayounganisha, ujiulize muandishi anakupeleka wapi. Kisha njo urudi kwa maneno usiyojua. Utasikia haya kidogo. Haya haijaua mutu.

Na testi usiiache. Ukiiacha, Ketsia hatakuwa amekunyanganya kitu. Utakuwa umemupa weye mwenyewe.

Mama Pétronille