Hadithi Iliyobandikwa Ukutani

Jumapili, 5 Agosti 1973

Nimepangusa vitabu. Kila Jumapili ni hivyo, baada ya chai, kabla ya kwenda kwenye cherehani yangu pale sokoni Ikonge. Vitabu kumi na vinane vya Desmond Krail, kuanzia cha kwanza hadi cha mwisho. Picha yake niliyoikata gazetini nikaitilia fremu. Kalenda ya duka la vitabu la Nairobi yenye sura ya mpelelezi wake, Inspekta Lomas. Mwaka wa kalenda umepita, Lomas hajapita. Na ile bahasha kutoka Uingereza yenye picha ndogo na sahihi ya Krail kwa wino wa bluu. Sahihi ya kweli. Niliitia mate kidogo pembeni, ikachuja.

Kemunto, mke wangu, anasema hata watoto wetu sikuwahi kuwapangusa hivi. Hakukosea.

Naandika Kiswahili changu cha Kericho, nilikokuwa karani kwenye mashamba ya chai. Kemunto anasoma Ekegusii tu, lugha yetu Wakisii, Biblia na kitabu cha nyimbo. Hapa niko peke yangu. Raha tupu.

Jumatano, 8 Agosti

Nimeamua. Mwezi huu nitausoma "Mkoba Mwekundu".

Krail alikufa mwaka jana. Nilihuzunika kama aliyefiwa na jirani. Hataandika tena. Imebaki hadithi moja tu yake ambayo sijaisoma, ile iliyotoka kwenye magazeti ya picha na haikuwahi kuwa kitabu. Mzungu mmoja wa Kericho alinipa magazeti hayo alipokuwa akihama. Nikayafunga kwa kamba, nikayaweka stoo. Nimeyabakiza kwa makusudi, kama nyama ya mwisho sahanini. Nikishaimaliza hiyo, sina kingine kipya cha Krail maisha yangu yote.

Odhiambo hana hiyo. Ndiye karani wa mahakama kule mjini Kisii, Mjaluo, rafiki yangu na mshindani wangu. Ana vitabu vyote kumi na vinane kama mimi. Mkoba hana. Namhurumia, lakini si sana.

Alhamisi, 9 Agosti

Stoo hakuna magazeti. Kuna jembe, kuna debe la mafuta ya taa, kuna panya. Kamba ipo.

Nilimwuliza Kemunto. Akajibu bila hata kuinua macho kwenye wimbi aliyokuwa akipepeta: "Baba Ombati, yale makaratasi si ya zamani? Nilimpa Moraa apambe nyumba."

Sijala chakula cha jioni.

Ijumaa, 10 Agosti

Moraa ni mke wa mwanangu Ombati. Wameoana mwaka huu, nyumba yao iko upande wa chini wa ghala letu la wimbi, ya udongo, bado inanuka upya. Kila bi arusi hapa hubandika picha za magazeti ukutani. Nyumba yetu sisi pia ilibandikwa. Hivyo siwezi kusema amekosa. Aliomba makaratasi, akapewa na mama mkwe. Akapika gundi ya unga wa ngano, akabandika.

Na mimi siwezi kuingia kuona. Ni chinsoni, miiko yetu ya heshima. Baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa, hata mvua inyeshe ya mawe, hata nyumba iungue. Mama anaingia. Baba hafiki hata kizingitini.

Hadithi ya mwisho ya Krail duniani iko nyumbani kwangu, mahali pekee nisipoweza kukanyaga. Nimekasirika. Nimefunika kabati la vitabu kwa kitambaa mapema, kabla hata jua la Ijumaa halijazama na Sabato yetu kuanza.

Jumatatu, 13 Agosti

Nimemtuma Kemunto akabandue ukurasa mmoja. Amerudi na kipande cha upana wa kidole. Juu yake kuna neno moja na udongo mwingi. Anasema gundi ya Moraa imeshika kuliko simenti, na kwamba mtoto wa watu alimtazama akibandua ukuta wake. Kemunto aliona haya. Ameniambia nisimtume tena.

Niliona haya pia. Kile kipande nimekiweka kabatini.

Jumanne, 14 Agosti

Mabaya yanafuatana. Ombati amesema Jumapili ya tarehe ishirini na sita atapaka nyumba chokaa. Wakwe zetu kutoka Magwagwa wanakuja wiki hiyo kuona binti yao anaishije, na Ombati hataki wakute picha za sabuni na magari ukutani. Anataka nyumba nyeupe. Anafanya kazi kiwanda cha chai, amejinunulia chokaa mwenyewe. Ningesema nini? Nilisema vizuri sana, mwanangu.

Jumapili, 19 Agosti

Odhiambo amekuja kwa basi kutoka Kisii, amevaa suti. Nilikuwa nimempelekea habari. Alikuja na kalamu mbili na karatasi za mahakama. Mpango wake ulikuwa mwepesi: aingie kwa Ombati kama mgeni, anakili hadithi yote, tugawane.

"Mimi ni Mjaluo," alisema. "Hiyo chinsoni yenu hainihusu."

Kemunto alikuwa anamimina chai. "Odhiambo," alisema, "Moraa akikusalimu anakuitaje?"

Odhiambo akafikiri. "Ananiita baba."

"Basi."

Akanywa chai yake. Baadaye akakiri kwamba hata kwao Wajaluo haifai. Tulikaa uani, wazee wawili wenye kalamu, tukiangalia mlango wa nyumba ya udongo. Moraa alitoka kuanika nguo, akatuona, akarudi ndani haraka. Sijui alitudhania nini.

Odhiambo ameondoka na basi la jioni. Nilimpa ndizi.

Jumatatu, 20 Agosti

Leo Kemunto ameniletea habari bila kutumwa. Amenionea huruma, nadhani, kwa sababu jana usiku nilikataa hata mboga ya majani ya maboga. Namba za kurasa anazijua kwa sababu ya Biblia. Ameingia kwa Moraa kuomba chumvi, akasoma namba za pembeni. Kumi na mbili. Kumi na nne. Kumi na sita. Hivyo hivyo hadi mwisho.

Nilielewa mara moja na moyo ukanyong'onyea. Karatasi ina pande mbili. Moraa alibandika upande wenye picha nje. Nusu ya hadithi imeutazama udongo. Hata ningepata kibali cha kuingia, ningeisoma nusu. Na ukurasa wa mwisho, niliuona nilipoyafunga, hauna picha; nao umegeukia udongo.

Nimeshona suruali ya mtu leo mguu mmoja mfupi.

Jumatano, 22 Agosti

Kemunto ana akili kuliko mahakama yote ya Odhiambo.

Asubuhi amemwambia Moraa kwamba anatamani kujua zile picha za ukutani zinasema nini, na kwa kuwa yeye Moraa amefika sekondari, amsomee jioni akichambua mboga. Kiingereza akifasiri kwa Ekegusii. Asome kwa sauti, kwa sababu masikio yake yamezeeka.

Masikio ya Kemunto husikia kuku akitaga kwa jirani.

Kisha akaniambia mimi kwamba kikapu changu cha kuchumia chai kimetoboka, na mahali pazuri pa kukishona ni nyuma ya ghala.

Alhamisi, 23 Agosti

Nimeshona kikapu.

Dirisha la Ombati linatazama ghala. Sikuingia, sikukaribia, sikumwona mtu wala kuonekana. Nilisikia. Mkurugenzi wa benki amekutwa amekufa ndani ya treni. Mkoba wake mwekundu haupo. Washukiwa ni mjane, dereva, daktari na ndugu wa marehemu. Inspekta Lomas akapanda treni, akavua kofia, akaamkia "Bwakire" kama mtu wa hapa kwetu Nyamira. Nilicheka hadi nikajichoma sindano.

Msichana huyu anasoma vizuri. Sauti yake haina haraka. Pale Lomas alipokutana na mjane bustanini, Moraa akakohoa, kisha akasema, "Hapo wakasalimiana sana." Namjua Krail. Hawakusalimiana. Lakini nilimshukuru, maana mkaza mwana hawezi kutamka jambo lile karibu na baba mkwe, hata kama baba mkwe ni kikapu tu nyuma ya ghala.

Jambo moja silielewi. Hasimami. Hakuna pengo. Kurasa zilizogeukia ukuta anazisoma kama zilizo wazi. Labda alizisoma zote kabla ya kubandika. Ni lazima iwe hivyo.

Nina furaha. Ugali wote nimeumaliza.

Ijumaa, 24 Agosti

Lomas ameingia kwenye ghala la mizigo. Mlango umefungwa nyuma yake. Kuna mtu anapumua gizani. Hapo Kemunto akasema, "Mwanangu, jua linazama."

Sabato. Wakafunga hadithi, wakaanza wimbo.

Mimi ni Msabato tangu utotoni na sijawahi kuitamani Jumapili kiasi hiki. Lakini Jumapili ni siku ya chokaa.

Jumamosi, 25 Agosti

Kanisani. Mzee wa kanisa amehubiri juu ya subira. Nilimtazama vibaya.

Baada ya jua kuzama Ombati alikuwa nyumbani kwake na mkewe. Kusoma kusingewezekana. Chokaa imelowekwa kwenye pipa, nimeiona.

Jumapili, 26 Agosti

Niliamka kabla ya jogoo, nikaenda na kikapu changu kizima, kisicho na tundu hata moja. Ombati naye alikuwa ameamka, ameshika brashi. Nimemtuma sokoni Ikonge akaniletee uzi. Uzi ninao kabati zima. Alinitazama, akaenda. Mtoto mwema.

Moraa akaanza pale pale, bila Kemunto kuomba. Nadhani yeye pia hakulala.

Aliyekuwa akipumua gizani ni mlinzi aliyefungwa kamba. Lomas akamfungua. Mlinzi hakumwona adui. Mkoba haujulikani uliko. Basi Lomas, alisoma Moraa, akaenda matangani kwa marehemu. Akakaa na waombolezaji. Akala walichokula. Akawaangalia watu wakifika. Mjane alilia, dereva alichimba kaburi, daktari alileta mchele. Ndugu wa marehemu alifika amechelewa, na kabla ya kuuliza kaburi limechimbwa upande gani wa nyumba, aliuliza vitu vya marehemu vimewekwa wapi.

Lomas akasimama. Akamshika mkono. "Ndugu anayeuliza mali kabla ya kaburi," akasema, "huyo tayari anajua marehemu alivyokufa."

Ndani, Kemunto akapiga kofi kwa furaha. Mimi sindano ilisimama mkononi.

Nimesoma vitabu kumi na vinane vya Krail, vingine mara sita. Hakuna mazishi hata mahali pamoja. Maiti za Krail huchukuliwa na gari la wagonjwa, basi, hazitajwi tena. Mtu wa Krail hachimbi kaburi. Hapeleki mchele. Na hakuna Mwingereza anayeuliza kaburi liko upande gani wa nyumba.

Ukurasa wa mwisho uko udongoni, na Moraa hajawahi kuusoma. Alitunga. Na zile nyingine zote zilizogeuka, alitunga pia, mbele ya ukuta, mboga mikononi, bila kusita. Mlinzi aliyefungwa kamba ni wake. Pengine hata "Bwakire".

Nilidhani ningekasirika. Nilitafuta hasira, sikuiona. Nilikaa nyuma ya ghala nikiwa na furaha ya kijinga hadi Ombati aliporudi na uzi.

Adhuhuri chokaa ilikuwa imepakwa. Nimeiona kupitia mlangoni, kwa mbali. Nyeupe kabisa.

Jumatano, 29 Agosti

Wakwe wa Magwagwa walikuja jana. Walisifu nyumba. Walikula vizuri. Mama yake Moraa alisema binti yake alikuwa akiwachosha kwa hadithi tangu utotoni, na kwamba tumvumilie. Nilisema tutajitahidi.

Jumapili, 2 Septemba

Odhiambo amekuja tena, hakuweza kungoja. Nilimsimulia Mkoba Mwekundu wote, pamoja na matanga. Alisikiliza mdomo wazi. Akasema, "Mzee Nyakundi, hiyo ndiyo bora kuliko zote alizoandika. Mwishoni alikuwa amekomaa."

Nikasema ndiyo, alikuwa amekomaa.

Hana haja ya kujua. Hili ni langu. Sahihi anayo na yeye, kalenda anayo. Hili hana na hatalipata.

Alipoondoka nilifungua kabati. Nikatoa kitabu cha kwanza, kile nilichokiokota kwenye benchi la stesheni nikiwa kijana na nikakosa usingizi kwa ajili yake. Sijawahi kukiazimisha. Odhiambo alikiomba miaka mitatu kukishika tu, nikakataa. Nilikifunika kwa gazeti, nikampa Kemunto ampelekee mke wa Ombati. Nilimwambia aseme tu ni kitabu, kimekaa bure.

Kemunto alinitazama. Alijifuta mikono kwenye kanga kabla ya kukipokea.

Alhamisi, 6 Septemba

Mvua tangu asubuhi. Chai haikuchumwa. Nimeshona magauni mawili ya shule.

Jioni Kemunto amerejesha kitabu. Gazeti la jalada limebadilishwa, jipya, limekunjwa vizuri pembeni. Anasema Moraa anauliza kama kuna kingine.

Nimempa cha pili.