Mshale wa Njia ya Bondeni

Shoga, uko? Usicheke. Nimefanya dhambi.

Ile njia ya bondeni, ya kupandia pale tunapotazamia mto. Leo asubuhi nilitangulia, nikaugeuza mshale wa kibao uelekee kwenye matope. Nilitaka wifi yangu achafue viatu vyake vipya anavyotutambia, basi! Utani wa mawifi tu.

Masaa matatu, shoga. Masaa matatu hakuonekana!

Mlinzi wa njia kamkuta kakaa kwenye jiwe kando ya mto, mguu umevimba, analia. Wifi yangu yule, analia!

Mwanawe alipofika, wifi akamwambia, "Nilifuata kibao, baba."

Mwanawe akajibu, "Mama, kibao nimekiona, kiko sawa. Ni uzee huo. Hutatembea tena peke yako."

Kiko sawa kwa sababu nilikimbia kukirudisha kabla sijaita watu!

Akanigeukia. "Wifi, kweli akili zinaniruka?"

Na mimi, na mdomo wangu wote huu, nikanyamaza. Nikanyamaza, shoga!

Sasa nimesimama mlangoni kwao. Hodi nimeshapiga. Anayekuja kufungua ni mwanawe.