Mguu Wangu Uko kwa Jina la Kétsia

Jumanne, 9 Januari 2024. Masisi-centre
Kocha Séraphin amekuja na karatasi kutoka Kinshasa. Tangu mwaka mpya, tramadol ni marufuku siku ya mashindano. Tramadol! Kidonge changu cha maumivu cha kila siku tangu nikatwe mguu. Ikikutwa kwenye mkojo wako, unafungiwa. Njia ni moja tu: ruhusa ya matibabu. Daktari aeleze maumivu, aambatanishe faili ya hospitali, vyote vifike kabla ya tarehe 22. Mashindano ni Februari. Nikitupa tufe vizuri pale, natoka nje ya nchi kwa mara ya kwanza maishani.
Nilicheka. Faili! Kocha akauliza nacheka nini. Sikumwambia.

Alhamisi, 11 Januari
Hospitali ya kule Walikale wamejibu kwa simu. Hawana jina langu, Emérita Tumukunde. Watampata wapi?
Mwaka 2012, risasi iliponipata Kirolirwe, nilikuwa na miaka kumi na minne. Papa Katembo, mfanyabiashara wa Butembo aliyekuja kupakia maharagwe kwetu, alinilaza juu ya magunia ya lori lake. Kwenye vizuizi walikuwa wanauliza majina, na jina langu la Kinyarwanda lingetushusha wote. Akatoa kadi ya binti yake: huyu ni Kétsia, mtoto wangu. Mimi aliniambia nisifungue mdomo, wasije wakasikia Kinyarwanda ndani ya Kiswahili changu. Sikuufungua, hata kwa maumivu. Hospitalini nako aliogopa, akaniandikisha kwa jina hilohilo.
Kwa hiyo aliyekatwa mguu ni Kétsia. Mwenyewe yuko Butembo, ana miguu yote miwili, na hakosi harusi ya kuichezesha!

Jumapili, 14 Januari
Siku ya tatu bila kidonge. Najaribu tu, nijue. Mguu nisiokuwa nao unaungua kwenye vidole. Nimefungwa kwenye kiti cha kutupia, nikatupa mita nne na nusu. Desemba nilikuwa nafika sita. Kocha akapima tena, akidhani kamba imekosea. Nikamfokea. Baadaye nikamwomba radhi na kumweleza yote — lori, kadi, Kétsia.
Nawachukia waliokaa mezani wakaandika hiyo sheria. Na najua hawajakosea. Consolée wa timu yetu haumwi popote, lakini humeza vinne ndipo anyanyue vyuma.

Jumatatu, 15 Januari
Nimerudia kidonge. Nimelala usingizi wa mtu.
Daktari wa Walikale ni mwema. Anakubali kusahihisha jina. Ila aliyeniandikisha aandike kwa mkono wake, atie sahihi: mgonjwa alikuwa nani hasa, na kwa nini alidanganya. Karatasi yenyewe, picha ya simu haitoshi. Maana yake iende kwa pikipiki. Vizuizi ninavyovijua njiani ni saba, na wenye bunduki wanasoma kila kitu. Na Papa Katembo bado anapitisha bidhaa zake njia hiyohiyo.
Sitamwambia.

Jumatano, 17 Januari
Kocha amemwambia! Mdomo wake ule!
Papa Katembo alifika asubuhi, ameacha wazi duka lake la hapa Masisi. Amezeeka. Nikamwambia hapana, Papa, wakiisoma watasema ulipitisha adui.
— Mimi nilipitisha mutoto, akasema. Na wewe uko mutoto yangu. Ata faili ya hospitali njo inasema vile.
Nilitaka kucheka, nikalia. 
Jioni mkewe akapiga simu. Mama Virginie hakuwa mkali, na hilo ndilo liliniumiza. Emérita, akasema, miaka kumi na mbili tumenyamaza, leo tufungue kinywa juu ya kutupa chuma? Ningekuwa yeye, ningeuliza hivyohivyo.

Alhamisi, 18 Januari
Tangu alfajiri mizinga inasikika upande wa Mweso. Evode wa pikipiki anaenda Walikale sasa hivi. Kesho hana hakika na barabara. 
Papa Katembo yuko mezani kwangu, anaandika. Mimi niko kitandani na daftari hili, nisimtazame. Ni mzito wa kuandika, anasema kila neno kwa sauti ya chini.
Amemaliza. Amenipa nisome. Jina lake, duka lake, hata namba ya lori! Nikamwomba afute namba.
— Nikificha tena, watatuamini?
Akakunja, akatia kwenye bahasha, akaniwekea mapajani. Weye njo utamupa Evode, anasema. Kisha akatoka kwenda kufungua duka, bila kunitazama.
Kocha yuko mlangoni. Emérita, haraka! Evode amepiga honi mara ya tatu. Nimemjibu nakuja, namalizia kuandika. Bahasha nimeibana chini ya paja, na hii ni mara ya pili namwambia nakuja.