Njia Ipitayo Jikoni kwa Mama

Geneva, 3 Machi 1996

Mama mpenzi,

Hujambo? Na hiyo nyonga, bado inakusumbua ukipanda ngazi? Mimi sijambo, ila mikono imepasuka kwa sabuni ya kufulia mashuka ya hoteli, na hilo nimeshalizoea. Soseji ulizotuma zimefika. Nimezipika na maharage, harufu ikajaa jengo zima, hadi jirani wa juu asiyesalimia mtu akaja kubisha hodi.

Mama, soma haya ukiwa umekaa. Desemba ulianguka kwenye ngazi ya ghala, ukalala chini mpaka Colás wa baa alipopita kwa bahati tu. Sina amani tangu siku hiyo. Sasa nimepata nyumba yenye chumba cha pili, kina dirisha na jua linaingia. Siku ya Watakatifu Wote, Novemba mosi, nitakuja, tutaweka maua kwenye kaburi la baba, tutafunga mlango, na tutarudi huku pamoja. Nakuomba usinijibu kwa hasira.

Mwanao,
Nélida


Valdefaya, Hispania, 20 Machi 1996

Mwanangu Nélida,

Salamu zako zimefika. Mimi ni mzima kama ng'ombe wa Colás, yaani nakula vizuri na kulalamika sana. Barua yako nimeisoma nimesimama, makusudi.

Tutafunga mlango! Neno gani hilo la kumwandikia mama yako? Hebu sikia yaliyonikuta. Jumamosi Colás, na uenyekiti wake wa kijiji, aligonga kengele, tukakusanyika kwa kazi ya kijiji. Mwaka huu tunaifungua ile njia ya zamani inayopanda kutoka mtoni, inapita msitu wa mialoni na kutokea malisho ya juu. Eti watu wa mjini siku hizi wanapenda kutembea milimani bila sababu yoyote, hata kondoo hawana.

Unajua desturi yetu, kila nyumba inayotoa moshi inatoa mtu. Colás akaanza kuita. "Nyumba ya Sabel?" "Nipo!" "Nyumba ya Xuan?" "Nipo!" Alipofika kwetu, akainua kichwa akasema, "Nyumba ya Obdulia tumeisamehe."

Tumeisamehe! Mbele ya watu! Nikamwambia, "Wewe Colás, nyumba ya kusamehewa ni ile iliyoota magugu sebuleni. Yangu ina moshi. Nipe panga." Akasema, "Obdulia, panga huliwezi tena." Nikamwambia, "Basi nipe kitu ninachokiweza, la sivyo nitakaa katikati ya njia na kazi haitafanyika." Watu wakaangua kicheko, naye akanipa makopo mawili ya rangi na brashi. Kazi yangu ni kuchora alama kwenye mawe na miti ili watembeaji wasipotee. Mstari mweupe na wa njano ndiyo njia. Pasipo njia nachora mkasi, mistari miwili iliyopishana, yaani usipite hapa.

Kazi tamu sana hii. Kuhusu Geneva sijasema kitu, na usidhani nimesahau.

Mama yako,
Obdulia


Valdefaya, 2 Juni 1996

Nélida wangu,

U hali gani? Huku mvua imekatika, mialoni imechanua majani, na mimi sina hata nafasi ya kuumwa.

Maana sijui imekuwaje, wale watembeaji wanapitia uani kwetu! Wanatokea nyuma ya banda la kuku, wanapita katikati ya kabichi, chini ya kamba ya nguo, na hao mlangoni. Ningewafanya nini? Nikaweka chungu cha maharage motoni. Amepita mwalimu mmoja wa mji wa Burgos, miguu imejaa malengelenge, nikamkalisha na beseni la maji ya chumvi. Wamelala chumbani kwako akina mama wawili wa Zaragoza, mtu na dada yake, wanagombana kuhusu ramani kuanzia supu hadi jibini. Jana nilicheka mpaka nyonga ikaniuma, na haikuniudhi hata kidogo.

Mama yako mwenye wageni,
Obdulia


Geneva, 19 Juni 1996

Mama,

Natumaini hujambo. Mimi nilikuwa sijambo mpaka Colás aliponipigia simu hotelini.

Anasema pale kwenye chemchemi, njia inapotakiwa kukunja kuelekea kanisani na kwenye baa yake, kuna mkasi wa rangi mkubwa kama mlango. Anasema pembeni yake kuna mishale inayokwenda moja kwa moja hadi getini kwetu. Anasema ameshindwa kuuza hata kahawa.

Mama, umeiba njia! Nilicheka nikakaa chini juu ya rundo la taulo, wenzangu wakadhani ninalia. Lakini niliponyamaza, nikaogopa tena. Hao ni wapita njia tu, Mama. Majira ya joto yakiisha wataenda zao. Ukianguka, nani atakuokota? Siku ya Watakatifu Wote iko palepale.

Mwanao,
Nélida


Valdefaya, 7 Julai 1996

Mwanangu,

Salama? Mimi salama, na Colás pia yupo, bahati mbaya.

Ndiyo, nimeiba. Alikuja hapa amefura. "Obdulia, futa ule mkasi!" "Upi?" "Ule unaoonekana kutoka bonde la pili!" Nikamwambia, "Wewe ndiye uliyenipa brashi, ungenipa panga yasingetokea haya." Alizipaka matope alama zangu asubuhi, nikachora upya mchana. Kijiji kizima kinakaa ukutani kututazama, hakuna anayekwenda kukata nyasi.

Lakini nikuambie ukweli, maana wewe ni mwanangu. Ile Desemba nikiwa chini pale, sikuogopa kufa. Niliogopa kwamba mlango uko wazi na hakuna atakayeingia. Ndiyo maana nilipopewa ile rangi, nikajua la kufanya. Sasa nikianguka, kabla ya mchana kuna mtu wa Zaragoza atanikanyaga. Sitaki kwenda Geneva, Nélida. Nakupenda kupita kiasi, na sitaki kwenda.

Mama yako mwizi,
Obdulia


Valdefaya, 29 Septemba 1996

Mwanangu,

Natumaini unaendelea vizuri.

Alikuja mzee mmoja wa chama cha watembea milima kukagua njia. Mtu mstaarabu, alikula sahani mbili. Kisha akafungua ramani. Njia inapita kanisani. Nilifuta alama zangu mwenyewe kwa brashi ya waya.

Tangu hapo hajapita mtu. Nilizoea kusikia kuku wakishtuka nyuma ya banda, nikajua wageni hao. Sasa kuku hawashtuki.

Njoo Siku ya Watakatifu Wote kama ulivyosema. Nimeanza kukunja mashuka.

Mama yako,
Obdulia


Geneva, 14 Oktoba 1996

Mama yangu kipenzi,

Unakula? Unalala? Barua yako imenitisha kuliko zote. Tangu nimeondoka nyumbani hujawahi kuniandikia bila kumtukana Colás.

Nikuambie na mimi ukweli wangu. Barua zako za kiangazi niliwasomea wenzangu chumba cha kufulia, tena kwa sauti. Walikuwa wananiuliza kila siku, yule mama na dada yake wamepatana kuhusu ramani? Mwalimu wa Burgos amepona? Nami nikawa napiga pasi mashuka ya wageni nisiowajua hata sura, huku nakuonea wivu kwa wageni wako. Nimeosha mashuka ya watu miaka yote hii, Mama, hakuna hata mmoja aliyewahi kula chakula changu.

Nakuja. Ila acha kukunja mashuka.

Mwanao,
Nélida


Chemchemini, Valdefaya, Jumamosi, Aprili 1997

Mama,

Umeamkaje? Nyonga je? Nilikuacha umelala kwa sababu jana ulikesha ukicheza karata na mwalimu wa Burgos aliyerudi kututembelea, na nilikusikia ukimwibia. Nakuandikia kwenye kipande cha mfuko wa saruji. Nimewapa hawa akina mama wa Zaragoza, wamerudi tena mwaka huu, wakuletee, wanashuka huko sasa hivi, na ndiyo, bado wanagombana.

Nilikuja kukuchukua, nikakaa wiki, nikakaa Krismasi, na sasa naona hata sanduku langu kuku wanatagia. Wewe hujauliza, na mimi sijasema. Basi leo nimesema, tena mbele ya watu.

Colás alikuwa anaita nyumba. "Nyumba ya Sabel?" "Nipo!" "Nyumba ya Xuan?" "Nipo!" Kisha akakohoa, akaangalia chini, akasema polepole, "Nyumba ya Obdulia..." Sikumwacha amalizie. Nikapiga ukelele, "NIPO!" Mbwa wa Xuan akabweka, Sabel akaanza kulia, na Colás, usiniulize, machozi yalikuwa yanamtoka, akasingizia vumbi. Vumbi gani na mvua yote hii ya jana?

Akanipa panga. Nikamwambia nyumba yetu kazi yake ni rangi. Akanipa makopo, akaninong'oneza: "Njia ipite kanisani, kama ramani inavyotaka. Halafu chora na mchepuko wa kwenda kwenu. Wageni wanakuja kunisumbua mimi, chungu cha Obdulia kiko wapi. Na wakilala kwenu, jioni wananywa kwangu." Halafu akaongeza, "Ila usimwambie kama nimekubali." Kwa hiyo sijakuambia.

Nimeanzia getini kwetu, nikaja juu. Zidisha maharage, nimehesabu mikoba mingi inapanda kutoka mtoni. Usipande ghalani, vitunguu nitateremsha mimi nikirudi. Moshi wetu nauona kutoka hapa.

Mtu wa nyumba ya Obdulia,
mwanao Nélida