Kabla Hujameza Kidonge cha Kwanza

Mdogo wangu Elisaria,

Kwanza kaa. Najua umesimama. Najua pia barua hii hutaifikisha mwisho, maana hata kanisani Baba Yetu ulikuwa unafika kwenye mkate wa kila siku, halafu umeshageuka kuangalia nani amekohoa. Kwa hiyo habari kubwa naiweka hapa juu: Jumamosi baba na mama wanakuja kukuchukua kwa mjomba. Unarudi nyumbani, unarudi shule, na utaanza dawa. Nusu kidonge, asubuhi, baada ya uji.

Sasa nenda kakimbie. Yaliyobaki ni mazungumzo tu.

Nyumba imekuwa kubwa tangu uondoke. Ng'ombe anakula majani yake bila mtu wa kumhutubia. Mama akipakua ndizi anatoa na sahani yako, halafu anairudisha kabatini. Hakuna kinachoanguka, hakuna kinachovunjika. Asubuhi nasikia maji ya mfongo yakipita kwenye mfereji wake chini ya migomba. Miaka yote nimeishi hapa Masama sikuwahi kuyasikia, kwa sababu yako.

Unakumbuka siku ile duka la ushirika? Foleni ya sukari ilikuwa imezunguka mpaka nyuma, na zamu yangu ilipofika sauti ikagoma kutoka. Mtu mzima wa kidato cha pili, naandika insha kwa Kiingereza na Kiswahili, nikasimama pale na kikapu kama mgomba. Ukapenya katikati ya miguu ya watu ukapaza sauti: "Huyu ni dada yangu Aneth! Anataka sukari na sabuni! Anaona aibu tu, msimruke!" Watu wakacheka foleni nzima. Nilitamani ardhi inimeze. Lakini sukari tulipata, na njiani ukaniambia, "Dada, ukitaka kitu niambie mimi, mimi nitasema." Ulikuwa hata meno ya mbele huna.

Halafu ikaja ile ya paa la shule. Ulipanda kumfuata kinyonga katikati ya somo la hesabu, bati likakatika, ukabaki unaning'inia kwenye boriti kwa mkono mmoja. Mwalimu Mkuu alikuja nyumbani kwa miguu na akakataa hata kuketi.

"Mama Aneth, mtoto huyu ana akili kuliko wengi pale," alisema. "Lakini safari hii aliwahi kushika boriti. Safari nyingine je? Mpelekeni hospitali. Akitulia, nafasi yake ipo. Asipotulia, siwezi kumpokea."

Jioni ile ulinifuata jikoni, ukakaa karibu na moto, ukaniambia maneno ambayo sijamwambia mtu. "Dada, mimi huwa nataka kukaa. Nakaa kabisa. Halafu nashtukia miguu imeshaondoka." Ulisema huku unalia, na kabla sijajibu ulikuwa umeshatoka nje.

Tukashuka Moshi mjini. Yule daktari mgeni Kiswahili chake kiliishia kwenye "pole", na muuguzi wa kumtafsiria hakuwepo. Baba akanisukuma mbele. "Aneth, hicho Kiingereza unamtunzia nani? Sema."

Nikasema. Nilieleza paa, nikaeleza jinsi unavyoanza vitu kumi na kuacha vyote, na wewe wakati huo unapanda na kushuka kwenye mizani ya wagonjwa ukipiga hesabu ya uzito wa kiatu chako. Daktari alikuangalia muda mrefu. Akasema kuna watoto wa namna hii, kama gari lenye injini nzuri na breki dhaifu. Si ukaidi, akasema, wala si malezi. Nikalitafsiri hilo kwa mama. Unajua mama ameambiwa nini na watu, kisimani, kanisani, hata na balozi wa nyumba kumi. Mama akaweka mkono mdomoni.

"Mwambie arudie," akasema. "Hiyo ya malezi. Mwambie arudie."

Daktari akarudia. Mama akalia kwa furaha na uchungu pamoja, na tukarudi na vidonge.

Basi, ya baba unayajua, lakini acha niyaandike. Baba yetu pombe ya mbege haiwezi kutoka mkononi mwake kwenda kwa mgeni kabla hajapiga funda la kwanza mwenyewe, mbele ya macho ya watu, waone haina kitu. Ndivyo alivyolelewa. Kesho yake alikaa mezani na vile vidonge, akasema, "Kitu kinachotoka mkononi mwangu naonja kwanza." Daktari alisema nusu, lakini nusu ilikuwa ya mtoto. Baba aliona mtu mzima kumeza nusu ni kujidharau. Akameza viwili.

Na ilikuwa siku ya zamu yetu ya maji! Tulimkuta kwenye ukingo wa mfongo, jembe mapajani, mdomo wazi, anakoroma, maji yote yamekwenda kwa jirani, Baba Neema.

"Baba Aneth, ahsante sana!" Baba Neema alipiga kelele kutoka kwenye kihamba chake cha migomba na kahawa. "Kahawa yangu imeshiba leo. Wewe umeshiba nini?"

Mama akamtikisa. "Umeonja au umelewa?"

Wewe ulicheka mpaka ukaanguka ndani ya mfereji. Baba alipopata fahamu vizuri hakucheka. Alikuangalia ukizunguka uani umelowa, unaimba, akasema polepole, "Kama kimeniangusha mimi, huyu kitamfanya nini?" Akaviweka juu ya kabati, akasema Mungu aliyekupa miguu hiyo alikuwa na sababu.

Mama akasema Mungu huyo huyo ameleta na madaktari, na mtoto asiyesoma atakula nini. Hapo ndipo nyumba ilipogawanyika. Wakaacha kusemeshana. "Aneth, mwambie baba yako chakula tayari." "Aneth, mwambie mama yako nimeshiba." Wote wawili wameketi pale pale! Nikawa mkalimani wa watu wanaosema Kichaga kimoja.

Mjomba ndiye aliyetuokoa. Akasema akuchukue ukae kwake Holili kwanza, wazazi wapoe. Mpaka wa Kenya umefungwa, malori hayapiti tena, barabara yote ni yako ukimbie unavyotaka. Ulipanda gari bila kugeuka. Nilikuwa nimeshainua mkono kukupungia.

Juzi tumerudi kwa daktari bila wewe. Baba akakiri mwenyewe habari za vidonge viwili, mimi nikatafsiri nikiangalia sakafu. Daktari alicheka mpaka akavua miwani, kisha akaacha kucheka. Akasema mwili wa mkubwa hauwezi kumwonjea mtoto. Tuanze na ile nusu, turudi kila mwezi, na ikikudhuru au isipokufaa tutaacha.

Baba akawa na swali moja. "Muulize, atabaki kuwa huyu huyu?"

Daktari akasema hawezi kuahidi, na kwamba hilo ndilo la kuangalia kuliko yote. Kisha akauliza, nani nyumbani anamjua mtoto zaidi?

Baba na mama wakanigeukia mimi, wote kwa pamoja.

"Haya, Mama Aneth," baba akasema, naye alikuwa hajamwita hivyo kwa wiki nyingi. "Tujaribu."

Eli, sasa naamini umeshaiacha karatasi hii mahali na mbuzi wa mjomba anaikaribia. Kwa hiyo naweza kusema.

Umekua ukiambiwa, "Muige dada yako, ona alivyotulia." Hakuna aliyewahi kuniuliza huko ndani kukoje. Shuleni jibu ninalo na mkono hauinuki. Wakati wa mapumziko nasimama kwenye bomba najifanya nakunywa maji, nakunywa mpaka tumbo linauma, ili nionekane nina shughuli. Watu wanaita utulivu. Mimi naona kama nimefungiwa nje ya watu, na wewe peke yako ndiye uliyekuwa unanifungulia. Ninachoogopa ni kwamba watakutuliza ukawa kama mimi, halafu tutakuwa wawili tunaonyamaza kwenye nyumba moja. Hofu hiyo ni ya ubinafsi, najua. Wewe mwenyewe ulitaka kukaa.

Kwa hiyo nimeamua hivi. Nitakuangalia kila siku. Nikiona umetulia na hesabu inakwisha, na bado unamwambia ng'ombe habari za dunia, nitafurahi kuliko mama. Lakini nikiona umesimama karibu na bomba peke yako, nitashuka Moshi bila kusubiri kusukumwa na mtu, niingie kwa yule daktari, nimwambie aiondoe dawa yake. Kwa sauti. Kwa lugha zote mbili.

Mpe mjomba shikamoo yangu. Jumamosi vaa viatu, vyote viwili.

Nakungoja hapa kwenye ukimya,
Dada yako